Idadi ya juu ya seva iwekwe kabla ya kitu kingine chochote

Mhariri,

Maduka, shule na vyama vya akiba na mikopo vya hapa Kisumu, Kakamega na Nakuru vinapohamia kwenye seva za wingu, yaani kompyuta za kukodi zinazotumika kupitia intaneti, huambiwa kwamba watalipia wanachotumia tu. Kauli hiyo inapotosha. Unalipia kilichowashwa, kiwe kinafanya kazi au kimekaa bure. Matatu ya Kakamega haitoki stejini Kisumu mpaka ijae. Seva huanza kudai nauli injini ikishawaka tu, abiria wawepo wasiwepo. Kwa Amazon, mojawapo ya kampuni zinazokodisha, seva nyingi zenye mfumo endeshi wa Linux huhesabiwa kwa sekunde tangu Oktoba 2017, na kila inapowashwa hutozwa dakika 1 kwa uchache.

Seva hizi hupangwa kwa kikundi chenye namba 3: idadi ya chini, idadi ya juu, na idadi inayotakiwa kwa sasa. Fundi hutaja kipimo, tuseme wastani wa kazi ya prosesa, yaani ubongo wa seva, ubaki asilimia 50. Ukipanda, kikundi huongeza seva chenyewe, ukishuka, huzipunguza. Kipimo hicho hakimtambui mzazi anayelipa karo. Roboti zinazokomba kurasa, au programu iliyokwama ikizunguka pale pale, huonekana sawa na wateja.

Tupige hesabu. Seva ya senti 5 za dola kwa saa, zikiwa 2 kwa mwezi wa saa 730, ni dola 73. Idadi ya juu imeachwa 20, na programu yenye kasoro imewekwa Ijumaa saa kumi na mbili jioni. Hadi Jumatatu saa mbili asubuhi ni saa 62. Seva 18 za ziada zimekula dola 55.80, na duka halijauza hata sabuni moja zaidi. Biashara ambayo siku yake ya pilkapilka inahitaji seva 4 iweke idadi ya juu 5 au 6, basi. Mtandao utakuwa mzito kidogo mambo yakiharibika, lakini bili haitakimbia.

Kosa jingine liko kwenye ukaguzi wa afya ya seva, ambapo kikundi huiuliza kila seva kama inajibu. Programu inachukua dakika 4 kuwaka, fundi ameipa muda wa kusubiri dakika 1: seva inahesabiwa mgonjwa, inaondolewa, nyingine inawashwa, nayo inaondolewa vivyo hivyo usiku kucha. Muda wa kusubiri uzidi muda halisi wa kuwaka. Na ukaguzi usiiulize hifadhidata, yaani programu inayotunza kumbukumbu za biashara, kwa sababu hifadhidata ikichelewa, seva zote, hata zilizo nzima, zitahukumiwa pamoja.

Tena, kuongeza seva hakuongezi hifadhidata. PostgreSQL, hifadhidata inayotumiwa na wengi, kwa mpangilio wake wa awali hupokea miunganisho 100 kwa wakati mmoja. Kila seva ikishika 20, kufikia ya tano nafasi zimekwisha. Zinazofuata ni hasara tupu.

Wengi huizima seva kwa mkono wakidhani wameokoa pesa. Kikundi kinaona imepungua moja, kinawasha nyingine papo hapo. Shusha kwanza idadi ya chini na inayotakiwa hadi 0. Hata hivyo, seva iliyosimamishwa bila kufutwa huendelea kutozwa diski yake, na anwani ya IP (namba ya seva kwenye intaneti) uliyoihifadhi kwa Amazon hutozwa nusu senti ya dola kwa saa, yaani dola 3.65 kwa mwezi.

Onyo la bajeti ni la lazima, ila lenyewe halizimi chochote. Hutuma ujumbe tu, tena takwimu za bili huchelewa kwa saa kadhaa. Tunawasihi wenye biashara, kabla ya kumlipa fundi, waandike kwenye mkataba idadi ya chini, idadi ya juu, na barua pepe ya mtu atakayeusoma ujumbe huo hata Jumamosi usiku.

Watunza seva,
Kisumu