Barua ya wazi kwa Rais wa FUFA, shirikisho la soka la Uganda: kundi la kufuzu la U-17 huanzia hospitali, si uwanjani

Mheshimiwa Rais wa FUFA,

Tunakuandikia sisi tunaofanya kazi na soka la vijana hapa Uganda: makocha, matabibu wa timu na wasajili wa wachezaji. Novemba 2025, nchini Qatar, vijana wetu walicheza Kombe la Dunia la U-17, yaani la wasiozidi miaka 17, kwa mara ya kwanza na wakaifunga Ufaransa bao moja bila. Pongezi hizo ni haki yenu. Ombi letu linahusu makundi ya kufuzu yajayo: maandalizi yaanze miezi 6 kabla ya mechi ya kwanza, bila kungoja droo.

Kombe hili sasa linachezwa kila mwaka, na Afrika imepewa nafasi 10. Mlango umepanuka, lakini muda wa kujipanga umepungua. Mwaka 2025 walioruhusiwa ni waliozaliwa kuanzia Januari 1, 2008. Mwaka 2026 ni kuanzia 2009, na 2027 ni kuanzia 2010. Kijana wa Desemba 2008 aliyetamba Qatar alishapitwa mwezi mmoja na nusu baadaye. Kwa hiyo kikosi hakirithiwi, kinatafutwa upya kila mwaka, na kila mwaka vijeba, yaani waliopita umri, nao wanajipenyeza upya.

Tuanze na kipimo cha MRI, maana hapo ndipo timu hutolewa kabla hata ya kuvaa jezi. FIFA ilianza kukitumia katika Kombe la Dunia la U-17 la mwaka 2009. Mashine hupiga picha ya kifundo cha mkono wa kushoto, na mtaalamu huangalia gegedu linalorefusha mfupa wa mkono ulio upande wa kidole gumba, kwenye ncha yake ya chini. Kuna daraja 6. Daraja la 1 gegedu liko wazi kabisa. La 6 limeshageuka mfupa wote. Kijana wa daraja la 6 huhesabiwa amepita umri, hachezi.

Makosa tunayoyaona ni haya. La kwanza ni kupima mara moja tu. Mfupa haukai ulipo: kijana wa daraja la 5 mwezi wa nane anaweza kuwa la 6 mwezi wa kumi na mbili, na CAF, shirikisho la soka la Afrika, ikipima kabla ya mashindano timu nzima inaweza kuadhibiwa kwa ajili yake. Pimeni vijana 40 au zaidi miezi 6 kabla, kisha mrudie wote wa daraja la 4 na la 5 wiki 3 kabla ya safari. La pili ni picha mbovu. Mkono ukitikisika picha inafifia, na daraja la 5 husomwa kama la 6 au kinyume chake. Mkono ufungwe vizuri kwenye mto, na kila picha isomwe na wataalamu wawili wasioambiana majibu. Wakitofautiana, aitwe wa tatu.

La tatu linatuuma zaidi. Kipimo hiki hakisemi mtu ana miaka mingapi. Wapo wenye miaka 18 ambao gegedu lao halijaziba, na wapo wachache sana, chini ya mmoja katika mia, ambao limeziba kabla ya miaka 17. Kijana akishindwa MRI asiitwe mwongo mbele ya wenzake wala jina lake lisivujishwe kwenye redio. Apewe nafasi timu ya U-20, nyaraka zake zikiwa safi.

Kuhusu kupima watu wachache dakika za mwisho, Cameroon imeshatufundisha sote. Wachezaji wake 21 kati ya 30 walishindwa MRI siku chache kabla ya mashindano ya kufuzu ya Januari 2023, ikabidi kikosi kiokotwe upya.

Hata hivyo MRI pekee haitoshi. Mwaka 2019 Guinea ilifika fainali ya AFCON (Kombe la Mataifa ya Afrika) ya U-17 nchini Tanzania, kisha ikaondolewa na kunyimwa Kombe la Dunia nchini Brazil, kwa sababu wachezaji wake wawili walikuwa wameandikishwa na tarehe nyingine za kuzaliwa katika mashindano ya vijana nchini Japani mwaka 2017. Karatasi ya zamani iliwafufukia. Kabla ya kuita kijana kambini, tarehe yake ya NIRA (mamlaka ya vitambulisho) ilinganishwe na pasipoti, na usajili wa mtihani wa PLE wa kumaliza shule ya msingi, na orodha za shule kwenye mashindano ya USSSA (chama cha michezo ya sekondari), na fomu za klabu. Zikitofautiana hata kwa siku moja, asiitwe mpaka ieleweke. Kazi hii inahitaji karani mmoja mwenye subira na wiki 4.

Sasa hesabu za kundi lenyewe. Katika kundi la timu 4 kila timu ina mechi 3 tu, na katika la timu 3 kila timu ina mechi 2. Mechi ya kwanza ikipotea, hakuna mahali pa kujificha. Katika AFCON hiyo hiyo ya 2019, vijana wetu walifungwa na Angola 1-0 siku ya kwanza, wakaichapa Tanzania 3-0, wakatoka sare ya 1-1 na Nigeria. Tulifunga 4 tukafungwa 2, tofauti ya mabao sawa na ya Angola, lakini wao walikuwa na pointi 6 na sisi 4. Mechi za majaribio zipangwe kwa ajili ya siku ile ya kwanza: angalau 4, mbili zichezwe ugenini, na kwa saa ile ile ya ratiba.

Kwenye vikao vya CECAFA, baraza la soka la Afrika Mashariki na Kati, shikilieni mechi za mwisho za kundi zianze kwa wakati mmoja kwenye viwanja viwili. Tangu Ujerumani Magharibi na Austria waliporidhika na 1-0 iliyowavusha wote wawili kwenye Kombe la Dunia la 1982 na Algeria ikatolewa, hoja hii haihitaji kupambwa. Wenyeji wenye uwanja mmoja hupanga mechi moja baada ya nyingine, na anayecheza wa pili anaingia akijua anachohitaji.

Mechi 3 zinaingia ndani ya wiki moja. Kijana wa kilo 60 anahitaji gramu 60 hadi 70 za wanga kila saa kwa saa 3 au 4 za kwanza baada ya kipenga, yaani bogoya (ndizi mbivu) mbili na glasi ya maziwa, kisha matoke au wali. Apimwe uzito kabla na baada ya mechi, na kwa kila kilo iliyopungua anywe lita moja na nusu. Posho (ugali) ya saa nne usiku hotelini imechelewa.

Mwisho ni mitihani. UCE, mtihani wa kidato cha nne, hufanyika Oktoba na Novemba, na wengi wa wachezaji hawa wako S4, yaani kidato hicho. Wazazi huwaficha watoto wao kambi inapoingiliana na mtihani, na hatuwalaumu. FUFA ikae na UNEB (baraza la mitihani) na walimu wakuu mapema, na kambini awepo mwalimu.

Tunaomba kabla ya mwisho wa muhula huu mtangaze tarehe ya MRI ya kwanza na jina la ofisa atakayeshika faili la nyaraka. Sisi tutaleta vijana.

Wenu katika mpira,
Makocha, matabibu na wasajili wa soka la vijana
Kampala