Binamu, bonyeza kitufe useme

Binamu yangu,

Jana kwenye gemu tulipigwa kichapo cha mbwa, na sababu unaijua. Wale wawili waliopanda ngazi nyuma yetu uliwaona. Najua uliwaona, maana gemu ilipoisha nilipitia ujumbe wa timu nikakuta neno lako: "nyum". Hata herufi ya mwisho hukuiwahi. Ulikufa mkono ukiwa kwenye kibodi badala ya kwenye bunduki, nami nikakufuata hata sijajua nimepigwa na nani.

Sikulaumu kwa kuogopa. Nakumbuka yule mtu tusiyemjua alivyoicheka sauti yako, nawe tangu siku hiyo maiki ukaizima moja kwa moja. Mimi ningemnyamazisha palepale. Jina lake liko kwenye orodha ya wachezaji, unamzimia sauti yake gemu ikiwa inaendelea na wala hajui. Watu wa kuokoteza huna deni nao. Kwao tumia alama: tangu gemu ya Apex Legends itoke mwaka 2019 unaweza kumwonyesha mwenzako adui, silaha au njia kwa kitufe tu, mdomo umeufunga. Ila sisi wanne tuna chumba chetu kwenye Discord, ile programu ya kuongea kwa sauti, na humo hakuna mgeni.

Wala kukuomba useme kwa maiki si ushamba wangu. Gemu ya World of Warcraft ilipotoka mwaka 2004, watu 40 walikuwa wanaingia pamoja kwenye Molten Core, pango la maadui wagumu, na gemu yenyewe haikuwa na sauti. Walikuwa wakikodi seva za TeamSpeak au Ventrilo, programu za kuongea kwa sauti, ili mmoja tu aseme "kimbieni" na wote wasikie. Hebu fikiria watu 40 wakisubiri mtu amalize kuandika.

Sasa namna ya kusema, maana hapa ndipo wengi wanapoharibu. Usiache maiki wazi. Weka ile ya kubonyeza kitufe ndipo usikike. Mimi niliwahi kuisahau wazi gemu nzima, timu ikanisikia nikigombezwa na mama kwa ajili ya vyombo, na mpaka leo kuna anayeniuliza kama nimeviosha. Vaa hedseti pia. Ukitumia spika, sauti zetu zinaingia kwenye maiki yako na kila mtu anajisikia mwenyewe akirudi.

Ukibonyeza, anza na mahali. "Huyo! Huyo! Anakuja!" hainisaidii kitu, nitageuka upande gani? Sema "ngazini, wawili, mmoja nimemjeruhi," kisha achia. Hapo nimeshajua pa kuelekeza bunduki, wangapi, na nianze na yupi. Manung'uniko yatangoja.

Na ukifa, tafadhali, nyamaza. Sijui kwa nini marehemu ndio wasemaji wakubwa kwenye gemu. Aliyebaki hai peke yake anawinda kwa masikio: anataka kusikia nyayo kwenye mbao, mlango, mtu akijaza risasi. Wewe unamwambia "mimi ningepita dirishani." Ulishapita, ndugu yangu, ndiyo maana umelala. Mwambie aliyekuua yuko wapi, ana hali gani, halafu mwachie kimya chake. Kaka yetu mkubwa haliwezi hili, na mechi mbili za wiki iliyopita tulizipoteza kwa mdomo wake. Asome na yeye.

Leo saa tatu usiku nitakuwa kwenye chumba chetu cha Discord. Ingia hata kama hutaki kusema. Sikiliza tu gemu ya kwanza, hakuna atakayekuuliza. Mimi nitatangulia mbele kama kawaida yangu, mgongo wangu nakuachia wewe. Ukimwona mtu ngazini usiguse kibodi kutafuta herufi. Bonyeza, sema "nyuma". Neno zima safari hii.

Wako,
uliyekufa naye ngazini