Mbangi wa jirani yako

Tabata, Dar es Salaam
28 Septemba

Shosti wangu,

Salamu nyingi. Huku kipupwe kimeshatuaga, makondakta wamevua majaketi yao na feni imerudi kazini usiku kucha. Picha yako ya mbangi niliifungua nikiwa kwenye daladala. Mzee niliyekaa naye akachungulia simu, akanitazama mimi, akachungulia tena, kisha akajibana dirishani mpaka tulipofika. Siku nyingine anza na onyo.

Haya, swali lako. Unasema usiku ule hapo Edmonton, Canada, umande uliganda, asubuhi nyanya zako zote zimelala chini nyeusi kama zimemwagiwa maji ya moto, lakini mbangi wa jirani ng'ambo ya uzio umesimama wima, majani yamegeuka zambarau. Naye anatamba kwamba ni chotara asiyejua baridi. Huyo anatia chumvi, ingawa si yote.

Unakumbuka barafu za ukwaju tulizokuwa tunauza enzi zile? Tukizidisha sukari zilikuwa hazigandi vizuri, tukazomewa na wateja. Mbangi nao, usiku ukianza kupoa kidogo kidogo, hujaza sukari kwenye seli zake, na maji yenye sukari huchelewa kuganda. Nyanya ni mtoto wa joto, hilo haliwezi. Kwa hiyo nyuzi moja au mbili chini ya sifuri kwa saa chache, mbangi uliozoezwa unaweza kupita salama. Ikija baridi yenyewe, ile ya kugandisha bomba, unakufa kama wenzake. Ni mmea wa msimu mmoja. Hakuna aina yake itakayovuka majira ya baridi ya jimbo lenu la Alberta nje ya nyumba, hata jirani aifunike blanketi.

Sasa sikiliza utamu wenyewe. Sifa kubwa ya chotara kama huyo ni haraka kuliko ugumu: anamaliza shughuli zake kabla baridi haijabisha hodi.

Mbangi wa kawaida hautoi maua kwa sababu ya joto, unapima urefu wa usiku. Huku kwetu kati ya siku ndefu kabisa ya mwaka na fupi kabisa hakuna hata tofauti ya saa nzima, kwa hiyo mimea ya ukanda huu, kama ile maarufu ya Malawi, haina pupa. Inarefuka, inatanua, maua peke yake yanaweza kuchukua miezi mitatu na zaidi. Ukiupanda mmea kama huo hapo kwenu: mwezi wa sita mna mwanga saa 17, unadhani bado ni mapema, unaendelea kukua tu. Usiku unaporefuka vya kutosha ni Agosti, na umande unaganda Septemba. Umekwisha.

Ndiyo maana wazalishaji wa mbegu waliwaendea ndugu wawili. Mmoja ni wa milima ya Hindu Kush, huko Afghanistan na Pakistan, mfupi, majani mapana, maua yake hukomaa kwa wiki nane hivi. Wa pili ndiye ninayempenda mimi: gugu la Urusi, ambalo mwaka 1924 mtaalamu wa mimea aitwaye Janischewsky aliliita Cannabis ruderalis, yaani la kwenye vifusi. Kimo chake mara nyingi hakivuki magoti, kulewesha haliwezi sana, lakini halihesabu usiku kabisa. Likifikisha umri wa wiki tatu au nne linatoa maua, jua litake lisitake. Majira mafupi ya kule yaliyachuja yote yaliyochelewa.

Ila ukilizalisha na aina nyingine, watoto wa kwanza karibu wote wanakuwa wazito vilevile, wanasubiri usiku urefuke. Ile haraka imejificha. Ukiwazalisha hao watoto wenyewe kwa wenyewe, ndipo kiasi cha robo ya wajukuu wanazaliwa nayo. Ni zile njegere za Gregor Mendel, yule mtawa wa elimu ya urithi, tulizokaririshwa kidato cha nne! Nimefundisha somo hilo miaka yote kwa njegere, na mfano mzuri kuliko wote siruhusiwi kuuandika ubaoni.

Zambarau isikutishe. Ni rangi ya jamii ileile inayotia wekundu kwenye juisi ya rozela. Aina nyingine zimeirithi, na usiku wa baridi ukipunguza ukijani ndipo inajitokeza. Haisemi chochote kuhusu ukali wake, mwambie jirani aache kuiuzia sera.

Kinachomsubiri yeye ni ukungu, ule wa kuozesha maua. Maua ya ukoo wa milima hubanana kama ngumi, maana kwao ni kukavu. Baridi ikija pamoja na mvua yanaoza kuanzia ndani, wewe kwa nje unaona mazima. Ya huku kwetu yako wazi wazi, yanapitisha upepo.

Kule Finland nako wana aina fupi ya haraka, Finola, inayolimwa kwa ajili ya mafuta ya mbegu na haileweshi. Nilitaka kuiita katani kama kamusi zinavyosema, lakini ukimtajia katani mtu wa Tanga atakuonyesha mkonge. Jina lake tumeupa mmea mwingine, sasa wenyewe hauna.

Na ule utani wa kuniletea mbegu ukija Desemba, ukome hapohapo. Wewe huko sheria ya 2018 inakulinda na miche minne nyumbani. Huku ipo ya 2015, na mche mmoja tu ni kesi. Eti shangazi yako Makete ana baridi ya kutosha! Shangazi ana viazi vyake, mwache.

Nifanyie hisani moja. Muulize jirani maua yalianza tarehe ngapi. Akisema Juni au Julai mwanzoni, ni damu ya gugu la vifusini. Akisema Agosti katikati, aliuziwa jina. Niandikie, lakini picha usitume kabla ya saa mbili usiku, nitakuwa nimeshashuka.

Wako wa dawati la nyuma