Daftari la Mama

Ngamiani, Tanga

Shoga yangu,

Salamu zikufikie huko Mombasa, wewe na shemeji na watoto. Pole zako zilifika, na hela uliyotuma iliingia kwenye mchele wa hitma, ahsante sana. Usiendelee kuomba radhi kwa kukosa maziko. Mama alitutoka alfajiri, alasiri tukawa tumeshamsitiri. Hata ungepaa usingewahi. Juzi tumemaliza arobaini, ndiyo leo nimepata nafasi ya kukuandikia.

Makaburini kaka alisimama, kama ilivyo ada, akasema mwenye kumdai marehemu aje kwetu wanawe. Hakuja mtu, siku ile wala siku zote arobaini. Mama hakuacha deni hata la kiberiti. Ila hakuna aliyeuliza yeye alikuwa akiwadai kina nani.

Chini ya sanduku lake, chini ya doti za khanga alizokuwa akiziweka "za siku njema", tumekuta madaftari kumi na moja. Unalikumbuka lile lililotundikwa kwenye msumari karibu na jiko? Bado yananuka iliki na mafuta. Na mwandiko wake ule ule, herufi kubwa kubwa zilizoachana, utadhani mtu anavuka mto kwa kukanyaga mawe.

Mwandiko wa kisomo huo. Mwaka 1970, Mwalimu alipoutangaza kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, mama alikuwa mke mchanga kambini, baba akikata mkonge. Alisoma alasiri chini ya mwembe, kaka mgongoni, anayefundisha ni kijana aliyemaliza darasa la saba. Baba, Mungu amrehemu, alinung'unika kwamba mke akijua kusoma atamsomea barua zake. Na kweli alizisoma! Mwaka 1973 ikaja kampeni ya afya ya redioni, Mtu ni Afya, wakawa wanakaa kikundi kizima kuizunguka redio, na tangu hapo kwetu hayanyweki maji yasiyochemshwa. Mimi na umri huu, nikikinga maji ya bomba kwa kikombe, nageuka kwanza kuangalia mlangoni.

Basi tukayafungua. "Nyumba ya pili, vitumbua 5." "Fundi baiskeli, 10, mkewe kajifungua." Karibu kila deni limepigwa mstari, lakini si yote yaliyolipwa, mengine pembeni kaandika neno moja tu, "hana", kisha mstari. Nikakumbuka: kila Ramadhani ikikaribia alikuwa akikaa juu ya mbuzi ya nazi, daftari magotini, kalamu mkononi, hataki kusemeshwa. Miaka yote nilidhani anapiga hesabu ya faida.

Sikufichi, tulibishana. Daftari la mwisho halina mistari, Ramadhani haikumkuta. Mdogo wetu wa kiume akasema hiyo ni mali ya mirathi, ikadaiwe. Kwa sheria hakukosea, na mimi moyoni nilikuwa upande wake, maana mmoja wa waliokopa siku hizi ana gari mbili na hata hitmani hakutia mguu. Kaka hakubishana na mtu. Alituuliza mmoja mmoja, "Umeridhia?" Nilipofikiwa nikaona haya, nikasema nimeridhia. Mdogo wetu alijibu wa mwisho, macho chini. Kaka akaomba kalamu, akapiga mistari ukurasa kwa ukurasa hadi chai yake ikapoa.

Kikaango kachukua binti yangu. Vya kwanza viliungua chini, ndani vibichi, maana hakuwa na subira ya kuacha mchele uumuke. Sasa angalau vinakolea, ila tui anabania. Waliokopa anawaandika kwenye simu. Nimemwambia anunue daftari, ananicheka.

Sasa lililonifanya nishike kalamu. Katika daftari la zamani kabisa, enzi zile tunakwenda shule pamoja, nimekuta hivi: "Mwenye mwanya, 6. Kasema ataleta nazi." Halina mstari, shoga. Wala hakuandika "hana".

Mpakani Horohoro si mbali. Kaka bado hajauona ukurasa huo. Nimeuficha asije akaupigia mstari. Njoo na nazi ya mama.

Mimi, shogayo wa barabara ya nane