Kwa mdogo wangu wa Lubumbashi: Baba Mkubwa mwoshe wewe

Mdogo wangu,

Nimesikia Baba Mkubwa, ambaye kiharusi kimemlaza kitandani, amefika kwako salama na umempa chumba chenye dirisha. Asante, Mungu akuzidishie. Shemeji ameniambia kila jioni mnasali naye, na kwamba unatafuta kijana wa kumlipa awe anamwosha. Ndiyo sababu naandika, tena mbele za watu, maana tangu matanga ya Mama Mkubwa simu zangu huzipokei.

Usitafute kijana. Mwoshe wewe.

Anza na macho, kwa maji bila sabuni, kutoka upande wa pua kwenda nje, kila jicho na pembe yake safi ya kitambaa. Halafu uso, shingo, mikono, kifua, miguu, mgongo. Sehemu za siri ni za mwisho, na hapo ubadilishe maji. Funua kiungo unachoosha tu, kwingine kufunikwe kikwembe. Maji yawe vuguvugu: Juni na Julai asubuhi za huko kwenu zina baridi, na mzee aliyekonda hutetemeka upesi. Kausha vizuri kwapani, kwenye kinena na katikati ya vidole vya miguu, kwa sababu unyevu ukibaki hapo ngozi inalainika na kuchubuka.

Kumgeuza ni kila saa mbili, hata usiku. Hapo ndipo watu wengi hushindwa. Asilalie mfupa wa nyonga moja kwa moja. Mwegemeze kidogo, weka mto nyuma ya mgongo, mwingine kati ya magoti, na kikwembe kilichokunjwa chini ya miguu ili visigino visiguse godoro. Na msimvute! Mshike shuka aliyolalia, wewe huku, shemeji kule, mumwinue. Ukimburuta, ngozi inang'ang'ania shuka wakati mifupa inasogea, na nyama ya ndani inaumia kabla hujaona chochote juu. Kwenye ngozi yetu nyeusi usingoje wekundu. Pitisha kiganja mwisho wa mgongo, kwenye nyonga na visigino. Penye joto kuliko kando yake, au pagumu, au peusi zaidi, kidonda kimeanza. Usipasugue, wala usimlaze tena upande huo mpaka patulie.

Kwa chakula, aketi wima, kidevu kimeinama kidogo, kijiko kidogo, na umsubiri ameze. Maji matupu humpalia mtu wa kiharusi kuliko uji mzito. Akimaliza abaki ameketi nusu saa.

Unajua kwa nini nakueleza yote haya. Siku ile Bukavu, tulipokuwa tunambadilisha Mama Mkubwa, ulisimama mlangoni na Biblia mkono mmoja na leso puani mkono wa pili. Ulisali vizuri sana, sikatai, una kipaji hicho tangu utoto. Lakini Mama aliiona ile leso. Mwili wake haukuweza kugeuka, akageuza kichwa tu, akautazama ukuta mpaka ulipoondoka. Yeye ndiye aliyekuosha ulipokuwa na surua, kwa mikono yake, na hakuziba pua. Kisha kwenye matanga ukahubiri upendo.

Utasema ulituma pesa. Ni kweli, zilinunua dawa na makaa, na nilikushukuru. Lakini soma tena Luka 10. Yule Msamaria alitoa dinari mbili siku ya pili. Kwanza alikaribia, akafunga majeraha, akamimina mafuta na divai, akampandisha juu ya mnyama wake, akamtunza. Na kwenye Mathayo 25 hata wale wenye haki wanauliza, "Bwana, ni lini tulikuona?" Walikuwa na kazi mikononi, hawakujua ni nani waliyemhudumia. Nawe usingoje kusikia utakatifu wowote unapokamua kitambaa. Pengine utasikia uchovu na harufu tu. Bwana yupo hapo hivyo hivyo.

Ulilalamika kwa ndugu kwamba niliwafukuza watu wa kikundi cha sala. Niliwaomba watoke nje, kwa sababu mama wa umri ule havuliwi nguo mbele ya watu kumi na wawili, hata kama wote wanaimba. Wangerudi baada ya kuoga kwake, na walirudi. Leo pia ningewatoa. Nawe utawatoa wa kwako, utaona.

Ngozi ikipasuka, usipake majivu wala dawa ya meno. Chemsha nusu lita ya maji, tia kijiko kimoja cha chai cha chumvi, yapoe, safisha kwa kitambaa kilichochemshwa, funika, kisha ita muuguzi siku hiyo hiyo. Nimempa mtoto wa shangazi anayekuja huko vikwembe vinne vya zamani, vile laini vya Mama Mkubwa. Kata viwili viwe vitambaa vya kuoshea.

Nipigie jioni, ukishamgeuza.

Dada yako