Kwa nini simpaki mtoto piko, hata ukiniongezea hela

Kila Idi ikikaribia lawama ni ile ile: hina yangu ghali, inakawia, tena ikibanduliwa ni rangi ya chungwa. Juzi mama mmoja kanambia wazi kwamba nimemwibia. Binti yake wa miaka sita nilimchora jioni, asubuhi maua ni ya chungwa, na mtoto wa jirani kachorwa kwa nusu bei, meusi tii.

Meusi tii ni piko, mama. Hina hutoka chungwa, siku ya pili ikakolea mpaka damu ya mzee. Ukiambiwa kuna "hina nyeusi" ya nusu saa, ndiyo piko hiyo, ujue mna rangi ya nywele ndani, na kwenye boksi lake mara nyingi utakuta p-phenylenediamine, kwa kifupi PPD. Ulaya kemikali hiyo inaruhusiwa kwenye rangi ya nywele, isizidi asilimia 2 inapofika kichwani. Kuchorea ngozi hairuhusiwi. Koni za mtaani nani anazipima?

"Mbona Idi ndogo alipakwa asidhurike?" Ndiyo hila yake. Mara ya kwanza mwili unaweza kunyamaza huku ukijifunza kuichukia. Mtoto niliyemwona mimi alipakwa piko kwa mwenzangu Idi ndogo, salama. Idi kubwa akapakwa tena. Siku ya pili mkono unawasha, ya tatu malengelenge yamefuata ua jani kwa jani, utadhani kachorwa kwa moto. Nyumbani wakampaka mafuta ya karafuu, ngozi ikazidi kuchachamaa. Hela waliyookoa kwenye hina iliishia kwenye nauli na dawa za hospitali, na ua likabaki jeupe mkononi kwa miezi. Na mzio huo haumtoki mtu. Akikua akapaka rangi ya nywele anaweza kuvimba uso mzima.

Wengine huniomba nimjaribu mtoto kwa tone la piko nyuma ya sikio. Sifanyi. Kwa mtoto ambaye hajawahi kupakwa, tone halitaonyesha kitu, na lenyewe laweza kuwa ndilo la kumfundisha mwili.

Sasa bei. Unga nauchekecha mara mbili kwa kitambaa cha shifoni, naukanda kwa ndimu na sukari, unalala usiku kucha. Koni za wakubwa natia mafuta ya mkaratusi. Za watoto nazikanda mbali, bila mafuta yoyote, maana hata hayo ya asili huwasha ngozi laini. Kwa hiyo ni kazi mara mbili, na koni ikishachanganywa haikai siku nyingi. Elfu tano kwa mkono siioni kubwa.

Nitakuuliza pia kama hospitali waliwahi kukwambia mtoto ana upungufu wa G6PD, protini inayolinda chembe nyekundu za damu. Kama anao, simpaki hata hina safi, kwa sababu hina yenyewe inaweza kuvunja chembe nyekundu za damu yake. Wachanga siwachori kabisa. Bibi zao hununa, nami nishazoea.

Kwa Idi hii mlete mtoto siku mbili kabla, si mkesha. Alale na hina, asubuhi aikwangue bila kutia maji, na mpaka mkono wa Idi ufike itakuwa imekolea. Wa mkesha nitamchora, ila chungwa lake la asubuhi usije ukanidai.