YAH: Sandi weji (fimbo ya gofu ya kutolea mpira mchangani) ya nyuzi 56 niliyoagiza, fimbo ya nyuzi 60 mliyonipa, na maneno niliyoambiwa dukani kwenu

Kwa Meneja,

Assalaam alaykum.

Naandika barua hii kwa heshima zote, na naomba isomwe na wewe mwenyewe, isiishie kaunta. Kaunta nimeshafika, na niliyoyapata huko ndiyo yaliyonitia kalamu mkononi.

Masharti yenu ya kubadilisha bidhaa mnayajua, mmeyabandika wenyewe ukutani. Risiti ya shilingi 380,000 ninayo. Fimbo haijagusa mchanga wala majani. Nilipofika nayo nyumbani niliibandua stika yenu ya bei, na chini ya stika hiyo ndipo ilipokuwa imegongwa namba 60. Kwa nini stika iliwekwa hapo hasa, juu ya namba, naliacha mlijibu wenyewe.

Niliirudisha. Nikamweleza kijana wenu taratibu, kama ninavyowaeleza vijana ninaowafundisha. Akaichukua fimbo, hakuitazama, akaitupa juu ya kaunta na kunambia mbele ya wateja: "Mzee, mchanga ni mchanga. Hayo mambo ya nyuzi waachie wageni."

Basi naomba nimjibu hapa, kwa sababu pale hakunipa nafasi.

Nyuzi hizo hupima lofti, yaani mlalo wa uso wa fimbo unaoupandisha mpira. Pichi weji yangu, fimbo ya mapigo marefu kuliko sandi weji, ina nyuzi 46 na inayofuata ina 51. Anayeijua kazi hii anaona mara moja kwamba baada ya hapo inahitajika ya 56, ili hatua ziwe za nyuzi tano tano, na kila hatua umbali upungue kwa mita kumi au zaidi kidogo. Mtu hachagui lofti ya sandi weji kwa kusikia jina tu, anahesabu kutoka kwenye pichi weji aliyonayo. Zamani pichi weji zilikuwa za 48 au hata 50, siku hizi watengenezaji wamezikaza hadi 44 na 43, kwa hiyo anayeuza fimbo bila kumuuliza mteja swali hilo moja hajui anachouza. Fimbo ya 60 ni lobu weji. Kazi yake ni kuurusha mpira juu ghafla na kuuangusha karibu, pale shimo lilipobanana na ukingo wa grini, yale majani mafupi yanayozunguka shimo. Kwangu inaacha pengo la nyuzi tisa. Mpira ukinikalia katikati ya pengo hilo sina cha kuupigia, na ukiipiga ya 60 kwa nguvu zote mpira unapanda tu, hauendi.

Hiyo ni lofti. Bado baunsi, ambayo niliiandika wazi kwenye ujumbe wa WhatsApp: "nyuzi 56, baunsi 12 kwenda juu". Jibu lenu lilikuwa neno moja, "ipo". Ujumbe ule sijaufuta. Fimbo mliyonipa ina baunsi 6. Baunsi ni pembe ya soli, kiasi ambacho nyuma ya soli imeshuka chini kuliko makali ya mbele. Kwenye banka, yaani shimo la mchanga uwanjani, fimbo haitakiwi kuugusa mpira, inapita mchangani nyuma ya mpira, na mchanga ndio unaoutoa. Mchanga wa huku kwetu Unguja ni wa matumbawe, mlaini na mwepesi. Soli yenye baunsi ndogo inazama humo na mpira unabaki pale pale. Baunsi 6 inamfaa anayecheza kwenye ardhi ngumu na majani mafupi. Mmarekani Gene Sarazen alilielewa hili mapema: aliongeza risasi ya kulehemu kwenye soli ya fimbo yake ili iteleze mchangani isizame, na mwaka 1932 akashinda mashindano ya gofu ya Open kwenye uwanja wa Prince's, Uingereza. Tangu wakati huo dunia nzima inajua, isipokuwa kaunta yenu.

Kisha msimamizi wenu akaja na lake, kwamba fundi ataikunja kutoka 60 hadi 56 na tatizo litakuwa limekwisha. Bwana Meneja, ukiikaza fimbo kwa nyuzi moja, baunsi nayo inapungua kwa nyuzi moja. Toa nne kwenye sita. Zinabaki mbili, na fimbo ya baunsi mbili kwenye mchanga wetu ni kama kisu. Isitoshe kichwa chake ni cha kumiminwa, hakikufuliwa kwa nyundo, na vichwa vya kumiminwa havipendi kukunjwa hivyo, huweza kupasuka. Nilipokataa akanishauri "basi nunua na ya 56 uwe nazo mbili". Kanuni inaruhusu fimbo 14 begini. Zangu zimetimia 14 pamoja na hiyo ambayo hamjanipa.

Nimesema alinambia mbele ya wateja. Sikusema wateja hao walikuwa nani. Wawili kati yao walikuwa wanafunzi wangu, vijana waliomaliza skuli juzi juzi, wanaojifunza ukedi, kazi ya kuwabebea wachezaji mabegi ya fimbo, kwangu ili wapate riziki kwenye uwanja wetu wa mashimo tisa. Niliwapeleka kwa makusudi, waone jinsi mteja anavyodai haki yake kistaarabu. Wakaona fimbo ikitupwa juu ya kioo cha kaunta. Wakamsikia mtu wa umri wa wadogo zao akimwambia mwalimu wao kwamba nyuzi awaachie wageni. Kisha kijana yule akanipa mgongo katikati ya sentensi yangu, akamgeukia mtalii aliyeingia nyuma yangu na kumkaribisha kwa tabasamu. Msimamizi alikuwepo, ameshika funguo, anasikia kila neno, na hakumkanya. Gofu ilichezwa Mnazi Mmoja tangu enzi za Waingereza, na waliobeba mabegi walikuwa watu wa hapa. Leo tunaambiwa na duka lililo mjini kwetu kwamba si yetu. Wallahi, hilo ndilo lililoniuma, kuliko hizo fedha.

Na kabla ya hapo nilikuwa nimeshapiga simu ya duka mara kadhaa, ikipokelewa na kukatwa. Hata hilo nilikuwa tayari kulisamehe.

Nilipokuja siku ile nilitaka kubadilishiwa tu. Sasa nataka fedha zangu zote, taslimu, si vocha ya dukani kwenu. Nataka na nauli za kwenda na kurudi. Nataka kijana yule na msimamizi wake waniombe radhi pale pale kaunta, wanafunzi wangu wakiwepo, kwa sauti ile ile aliyotumia. Na stika za bei ziondolewe juu ya namba za fimbo zote mlizonazo, kwani sitaki mwengine auziwe kama mimi.

Nilikusudia kuwapa siku saba. Lakini kila nikikumbuka fimbo ilivyogonga kile kioo naona siku saba ni nyingi, nawapa tatu kuanzia siku mnayoipokea barua hii. Zikipita, risiti, picha ya stika na ujumbe wa WhatsApp nitavipeleka Tume ya Ushindani Halali wa Biashara, na sitaondoa malalamiko hata mkinirudishia fedha baadaye. Hoteli zinazoagiza vifaa kwenu nazo zitapata nakala, pamoja na kila kedi na kila mchezaji ninayemfahamu Unguja.

Nataka jibu la maandishi. Simu sitapokea.

Mteja wenu,
(jina na saini viko kwenye nakala ya risiti iliyoambatanishwa)